Hivi kucheza dansi kwenye barafu nayo ni kazi? Leo najibu

Haya jamani, habari zenu, shikamooni wakubwa zangu wote mnaoniangalia. Leo niko hapa hosteli chumbani, mwenzangu amelala kwaiyo naongea taratibu, mtanivumilia kwenye sauti.

Hii video ni kwa ajili ya swali moja tu. Tangu niweke ile klipu ya kazini, ile ya watoto wawili wanazunguka kwenye barafu wameshikana, kila nikifungua komenti nakutana na hilo hilo. Dada hivi hiyo nayo ni kazi? Dada wanalipwaga? Dada nina binti wa miaka 6 mwepesi kama karatasi, nimlete huko? Na wengine mnakuja inboksi mmoja mmoja, siwezi kuwamaliza. Nikaona bora nijibu mara moja, na nijibu kwa mtu mmoja ambaye maisha yake nimeyafuatilia, tusije tukaongea hewani.

Ila kabla sijaenda mbali. Najua kuna watakaoandika naringa na Urusi yangu. Siringi. Mi ni mwanafunzi, na baada ya vipindi natoa viatu vya kukodi kwenye katok, katok ndo uwanja wa barafu, huku kila mtu anaita hivo. Nasimama masaa sita natoa viatu, napokea viatu, nafuta vile visu vya chini kwa kitambaa visishike kutu. Na kuna wengine mtasema nalalamika, si urudi nyumbani. Silalamiki pia, naeleza. Na anayedhani natafuta views nipate hela, huu mtandao uliacha kulipa wanaorekodi wakiwa Urusi, kwaiyo hapa hamna hela, nakaa naongea na nyie kwa sababu napenda.

Sasa tuanze. Mtu mwenyewe anaitwa Nikita Katsalapov, kazaliwa hapa hapa Moscow 1991. Anacheza dansi ya barafuni, na naomba tuelewane hapo maana kwenye komenti mmechanganya sana. Wale wa kumrusha msichana juu akazunguka hewani mara tatu akatua ni mchezo mwingine. Hawa wa dansi hawaruhusiwi mambo ya kurushana. Mwanaume akimbeba mwenzie hatakiwi kunyoosha mikono ikapita kichwa chake, na kumbeba kwenyewe kunahesabiwa, kubeba kwa kawaida ni sekunde 7, ukizidisha unakatwa pointi. Wanachopimwa ni miguu. Unakanyaga ukingo upi wa kisu, umelala kiasi gani, mmekaribiana vipi, muziki mnauskia pamoja au kila mtu anausikia kivyake.

Nlikuwa sielewi hayo mpaka siku moja msichana wa wale watoto wa klipu alileta viatu vyake vikanolewe akaviacha kwangu kaunta. Nikavishika. Kisu chake kwa nyuma ni kifupi, kinaishia karibu na kisigino, vile vya kukodi vinatokeza nje kabisa. Nikamuuliza fundi, akaniambia ni kwa sababu wanacheza karibu mno, kisu kikitokeza nyuma mmoja atamkanyaga mwenzie wataanguka wote. Alafu nikaangalia ndani ya kiatu. Kwenye kifundo cha mguu kabandika sponji kashonea kwa mkono, na pembeni ya ile sponji kuna doa la kahawia, damu ya zamani. Huyo mtoto ana miaka 12. Siku hiyo ndo niliacha kusema wanachezacheza tu.

Haya, Katsalapov. Kaanza na msichana anaitwa Elena Ilinykh, 2010 wakawa mabingwa wa dunia wa vijana. Wakaja Olimpiki ya Sochi 2014, nyumbani kwao kabisa, wakachukua shaba ya dansi, na kwenye mashindano ya timu dhahabu. Yeye ana miaka 22. Yaani we fikiria, 22, medali mbili za Olimpiki, nchi nzima inakuangalia.

Miezi michache baadae wakaachana. Kuachana kikazi nasema, msianze. Akaenda kwa Victoria Sinitsina, na Sinitsina nae alikuwa na mwenzie Ruslan Zhiganshin ambae walishakuwa mabingwa wa vijana 2012. Kwaiyo Zhiganshin kabaki peke yake, Ilinykh kabaki peke yake, nao wakaungana. Ni kubadilishana kabisa, couple mbili zikavunjika zikatoka mbili mpya.

Watu hapa walisema maneno mengi kuhusu huyu kijana, na mama mmoja pale kazini, ndo alienifundisha kuangalia huu mchezo, mpaka leo ukimtajia ile 2014 anaweka kikombe chini. Mi siwezi kumhukumu. Ila angalia kilichofuata. Walienda Marekani, Michigan, kufundishwa na Marina Zueva. Desemba ile ile 2014 ikawa ubingwa wa Urusi, na ulifanyika wapi? Sochi. Mji ule ule aliovalishwa medali Februari. Ilinykh na Zhiganshin wakawa wa kwanza. Katsalapov na Sinitsina wa nne. Wa nne maana yake ubingwa wa Ulaya huendi, na ubingwa wa dunia huendi, unakaa nyumbani unaangalia kwenye tivii kama mimi na nyie.

Hapo ndo nataka wale wanaouliza kama ni kazi wanisikilize. Kwenye kazi nyingine ukifukuzwa unabeba cheti chako unaenda sehemu nyingine. Huku cheti chako ni mtu. Miaka yote uliyokaa na yule, hatua zenu, uzito mliozoea, urefu wa mkono wake, vyote vinabaki pale, unaanza na mwingine upya kama mtoto. Na wasichana ni wengi kuliko wavulana kwenye huu mchezo, kwaiyo msichana akiachwa anaweza kukaa mwaka mzima anatafuta mwenzie hapati. Yule mtoto wa viatu, mama ake anaendesha teksi usiku ili alipie kocha, na kitu anachokiogopa sio kuumia, ni yule kijana kurefuka haraka wakaambiwa hawaendani.

Alafu makaratasi. Mi kwenye makaratasi nitaongea mpaka kesho. Kuna Tatiana Navka, huyu ni wa nyuma kidogo, kazaliwa Dnipropetrovsk kule Ukraine, Olimpiki ya 1994 na 1998 kaenda kwa bendera ya Belarus, alafu 2006 pale Torino kachukua dhahabu kwa Urusi na Roman Kostomarov. Na waliopata medali ya fedha nyuma yao walikuwa Wamarekani, msichana wao Tanith Belbin ni mzaliwa wa Kanada, uraia ulikuwa hautoki, mpaka bunge la Marekani likapitisha sheria na Bush akasaini siku za mwisho kabisa za 2005. Michezo yenyewe Februari. Na 2018 kulikuwa na Ivan Bukin wa hapa Urusi, baba yake alikuwa bingwa wa Olimpiki 1988, yeye jina lake halikutokea kwenye orodha ya walioalikwa Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini. Ndo basi. Mwenzie Alexandra Stepanova nae akakosa, maana peke yako hauchezi.

Hiyo ya jina ilinigusa mpaka nikazima simu. Mi naitwa Halima. Kirusi hakina H kama yetu. Ofisi moja ikatafsiri pasipoti yangu ikaandika Khalima, mwaka uliofuata ofisi nyingine ikaandika Galima, zote zimegongwa muhuri wa notario. Nimepeleka alama za vidole, nimepima afya, nimepeleka picha, siku ya kupokea karatasi dada wa dirishani ananiambia huyu Galima ni nani? Nikarudia kila kitu kwa hela yangu, tafsiri upya, muhuri upya, wiki tatu sina karatasi inayosema naishi hapa kihalali, na kila nikiona polisi kwenye treni ya chini moyo unadunda. Sasa nyumbani mjomba kaona ile klipu akapiga simu, umekaa na matajiri wa barafu hata ya sukari hutumi. Mjomba, kama unaniangalia, kadi za Visa na Mastercard za huku tangu 2022 hazivuki mpaka, hela inapitia mkono wa mtu na mtu na kila mkono unakata chake. Siku nikituma elfu thelathini ujue huku nimetoa zaidi ya hapo. Sijakusahau.

Turudi. 2018 Olimpiki na Katsalapov nae hakwenda. Miaka minne baada ya Sochi hayupo kabisa. Walisharudi Moscow, wamepita kwa Elena Tchaikovskaia, alafu wakaangukia kwa Alexander Zhulin, na hapo ndo mambo yakaanza kukaa. 2019 Saitama, Japani, fedha ya dunia. Januari 2020 Graz, Austria, wakawapiga Wafaransa, Gabriella Papadakis na Guillaume Cizeron, waliokuwa wamebeba ubingwa wa Ulaya mara 5 mfululizo. Mnajua waliwapita kwa ngapi? 0.14. Pointi 220.42 kwa 220.28. Nimeangalia ile video mara nyingi sana, pale wanapokaa kusubiri namba.

Miezi miwili mbele korona, ubingwa wa dunia Montreal ukafutwa. Wakasubiri tena mwaka. Machi 2021 Stockholm wakawa mabingwa wa dunia, ukumbi hauna watazamaji, bendera ya Urusi hairuhusiwi, wimbo wa taifa haupigwi. Miaka 7 tangu Sochi.

Sasa hela, maana najua mnaisubiri. Mashindano ya Grand Prix mshindi wa dansi alikuwa anapata dola 18,000. Nyingi eeh? Ni za couple nzima, gawa kwa mbili, 9,000, na una mashindano kama hayo mawili kwa msimu. Olimpiki serikali ya Urusi inatoa rubo milioni 4 kwa dhahabu, 2.5 kwa fedha, 1.7 kwa shaba. Ni hela, sikatai. Ila inakuja mara moja kwa miaka minne na kwa watu wanaohesabika kwenye vidole. Ukiwa timu ya taifa unahudumiwa, kabla ya hapo ni mama na teksi yake.

Na Olimpiki yao ndo hiyo Beijing 2022. Dansi wakapata fedha, Wafaransa wakawapita kwa pointi kama 6 na nusu, hapo hamna ubishi. Kinachoniuma ni ile ya timu. Walicheza dansi zote mbili za timu, tarehe 7 Februari Urusi ikamaliza ya kwanza. Kesho yake sherehe ya medali haikufanyika. Kipimo cha Kamila Valieva, mwenzao wa timu, binti wa miaka 15, cha Desemba kilikuwa na dawa iliyokatazwa. Wakaondoka Beijing bila medali ya timu mkononi. Uamuzi wa mahakama ya michezo ukatoka Januari 2024, karibu miaka miwili, pointi za Valieva zikafutwa, Marekani wakawa wa kwanza, Japani wa pili, Urusi ikashuka hadi ya tatu.

Sitetei dawa, tusije tukagombana. Na hao Wamarekani na Wajapani walidhulumiwa muda, walivalishwa medali zao Paris Agosti 2024, mmoja wao angeweza kuwa kashastaafu hata viatu kagawa. Ninachosema ni kwamba Sinitsina na Katsalapov miguu yao ilifanya kazi yake siku ile na mikono yao haikugusa kitu, na matokeo yao yalikuja kubadilishwa mezani, wamekaa nyumbani.

Tarehe 1 Machi 2022 Warusi wakazuiwa mashindano yote ya kimataifa ya skating kwa sababu ya vita. Katsalapov ana miaka 30, Sinitsina 26, na hawajarudi tena kushindana kimataifa. Mwaka huo huo wakaoana, hapo sasa ndo mnaruhusiwa kupiga vigelegele, na siku hizi wanacheza kwenye maonyesho ya barafu, ukumbi unazima taa, watu wananunua tiketi. Nilienda mara moja, tiketi ya juu kabisa karibu na paa, nilijibana mwezi mzima na sioni aibu kusema. Kutoka kule juu uso huuoni. Ila muziki uliposhuka nikasikia visu, wote wawili, sauti moja tu. Yule mama wa kazini alinishika mkono hakusema kitu. Huyo huyo anayemlaumu.

Kwaiyo dada mwenye binti wa miaka 6. Kila mtu na yake, mi sio kocha na sio mzazi, usije ukauza kiwanja ukasema Halima alisema. Huku wanaanza na miaka 4. Kumtoa mtoto Tanzania kuja kuanzia hapa, peke yake, lugha hajui, viza ya mzazi haieleweki, mi binafsi nisingefanya. Nairobi pale hoteli ya Panari ndo wale vijana wa Kenya Ice Lions walikuwa wanachezea magongo ya barafuni, ulizia kwanza kama pako wazi, muonyeshe tu barafu uone kama atataka kusimama akianguka. Akianguka alie atake kutoka, umeokoa hela yako.

Na yule aliyeuliza viatu vya watoto namba 30 vipya ni bei gani, kesho niko zamu ya asubuhi, nitamuuliza fundi nikujibu pale kwenye komenti yako. Mwenzangu huyu kaamka, naacha hapa.