Hesabu ya Kura za 1860 na Kuvunjika kwa Marekani

Mabibi na mabwana, husemwa kwamba Abraham Lincoln alishinda urais wa Marekani mwaka 1860 kwa sababu wapinzani wake waligawana kura. Tupige hesabu.

Mgawanyiko ulikuwapo, hilo halina ubishi. Aprili mwaka huo Chama cha Democratic, wapinzani wa Lincoln, kilikutana mjini Charleston kuteua mgombea urais. Watu wa Kusini walitaka ilani itamke kwamba serikali kuu itaulinda utumwa katika maeneo mapya ya magharibi. Kambi ya Stephen Douglas, aliyewania uteuzi huo, ikakataa, na wajumbe wengi wa Kusini wakatoka ukumbini. Kanuni ilidai theluthi mbili, na mwenyekiti akaamua kuwa hata waliotoka wahesabiwe: mgombea apate 202 kati ya 303. Zikapigwa raundi 57, Douglas asivuke 152 na nusu. (Naam, nusu; wajumbe wengi walikuwa na nusu kura kila mmoja.) Mwishowe wakasimama wawili, Douglas na John Breckinridge wa Kusini. John Bell akaingia kwa chama kingine.

Novemba 6 Lincoln alipata karibu asilimia 40 tu ya kura za wananchi, lakini kura 180 kati ya 303 za wajumbe wanaomchagua rais. Zilizohitajika ni 152. Kwa kawaida aliyeongoza katika jimbo alichukua wajumbe wake wote. Sasa zijumlisheni kura za wale watatu, jimbo kwa jimbo. Lincoln anapoteza California 4, Oregon 3 na zile 4 za New Jersey. Anabaki na 169. Bado ni rais! Kwingine kote alikoshinda alivuka nusu ya kura.

Hicho ndicho kilichoitia Kusini hofu. Enzi hizo kila chama kilijichapishia karatasi za kura na kuzigawa chenyewe. Katika majimbo 9 ya Kusini za Lincoln hazikuwapo kabisa, na South Carolina bunge la jimbo ndilo lililochagua wajumbe. Akashinda hivyo hivyo. Aliahidi kutougusa utumwa pale ulipokuwa, ila usienee. Wenye watumwa hawakutulia, maana rais ndiye aliyeteua majaji, maofisa wa forodha na wakuu wa posta, hata huko kwao.

Desemba 20 mkutano wa South Carolina uliamua kujitenga kwa kura 169 kwa 0. Februari 1, 1861, mkutano wa Texas ulipopiga kura, jimbo hilo likawa la saba kujitenga. Lincoln alikuwa hajaapishwa. Kiapo chake kilikuwa Machi 4.