Shotigani za Pampu: Ipi Inavumilia Unyevu wa Ziwa?

NEEMA: Karibuni tena, tuko Kirumba, Mwanza, na hizo pikipiki mtazisikia hadi mwisho maana dirisha letu halifungiki. Kaka Masanja, kuna msimamizi wa walinzi ametuuliza: akinunua shotigani za pampu, zile unazovuta kwa mkono kila risasi, kwa ajili ya lindo, achukue Remington 870 au Mossberg 500?

MASANJA: Zote nimezibeba, dada. Miaka tisa, kiwanda cha samaki huko Ilemela. Ukiacha mazoezini, unajua nimefyatua mara ngapi? Hata moja.

NEEMA: Sasa ubora wake uliujuaje?

MASANJA: Ndiyo hapo sasa. Bunduki ya mlinzi kazi yake ni kubebwa. Inakula umande na jasho usiku kucha, upepo wa ziwa unaipiga, asubuhi inafungiwa kabatini na majimaji yake. Watu wanaisifu 870 kwamba ni chuma kitupu, ipo tangu 1950, zimetengenezwa zaidi ya milioni 10. Kweli kabisa. Lakini chuma kinashika kutu. Hasa hizi 870 Express za bei nafuu, zilizoanza 1987, zenye weusi usiong'aa. Usipoifuta siku mbili, ya tatu ina madoa mekundu.

NEEMA: Mossberg je? Si wanasema ni bati?

MASANJA: Aluminiamu, siyo bati! Na ni lile boksi la katikati tu. Bolti inajifunga kwenye chuma kilichoungana na mtutu, kwa hiyo kishindo hakibebwi na aluminiamu. Ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtutu wake ni chuma, huo ndio wa kuufuta.

NEEMA: Mimi ni wa shoto. Siku niliyopewa 870 kule mazoezini, kitufe cha usalama kiko nyuma ya triga, kimekaa kwa ajili ya mtu wa kulia. Nikahangaika. Cha Mossberg kiko juu, mgongoni, unasukuma kwa dole gumba, mkono wowote.

MASANJA: Ila wakikufungia kitako chenye mshiko kama wa bastola, dole gumba halikifikii vizuri.

NEEMA: Haya, kwa nini pampu na siyo zile zinazojipakia zenyewe?

MASANJA: Risasi, dada. Ya kujipakia inategemea nguvu ya risasi iliyotangulia. Ikiwa mbovu, umekwama. Pampu unavuta kwa mkono wako, mbovu inatoka, nyingine inaingia. Shida ni mtu kuvuta nusu. Anavuta kwa woga, ganda linabaki, halafu anailaumu bunduki.

NEEMA: Wewe hujawahi kukwama?

MASANJA: Nimekwama, tena bila kufyatua. Asubuhi tunakabidhiana, nimeelekeza mtutu kwenye pipa la mchanga nitoe risasi. Navuta, wapi! Risasi ilikuwa ileile tangu naajiriwa: kila siku inatolewa, inarudishwa. Fundi alipoichomoa, kile kitako cha shaba kimeota ukijani kama sarafu iliyookotwa matopeni. Bunduki haikuwa na kosa.

NEEMA: Kwa hiyo jibu ni lipi? Mwenzetu ana bajeti.

MASANJA: Hapa ufukweni, Mossberg. Angekuwa Dodoma ningemwambia 870 ya zamani, iliyotumika, yenye mbao. Za Uturuki bei yake inavutia, lakini aulize vipuri kabla hajalipa: springi na ile kucha ya kuvutia ganda. Halafu abakize hela ya risasi mpya. Na hayo yote baada ya kibali cha polisi; Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ipo.

NEEMA: Na mafuta? Mlikuwa mnapewa?

MASANJA: Nani akupe! Nilikuwa nachukua ya cherehani ya mama, matone mawili kwenye kitambaa. Kachupa kakaisha. Mpaka leo anajua ni yule mpangaji.