Mnyoo Yupi, na Ameingilia Wapi?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, hasa kwa mada ambayo watu hawapendi kuizungumza wakiwa wametoka kula.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nitajuaje kama nina minyoo? Jibu langu huwavunja watu moyo: mara nyingi hutajua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.5 wana minyoo wanaoambukizwa kupitia udongo, na mwenye minyoo wachache hula, hulala na kufanya kazi zake bila habari. Zile dalili tunazoambizana, kusaga meno usiku, kudondosha mate, kupenda sukari, hazithibitishi kitu. Mtoto anaweza kusaga meno mpaka akaamsha nyumba nzima, na choo chake kikapimwa kisionekane hata yai moja.

Kwa hiyo mimi napenda tuulize hivi: ni mnyoo yupi, na ameingilia mlango gani? Kila mmoja ana mlango wake, na dalili zake hufuata njia aliyopita.

Mchango, yule mnyoo mrefu wa mviringo, huingia kwa mdomo, mayai yake yakiwa kwenye mikono, maji au mboga zisizooshwa. Jike mmoja hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku. Yai lililotoka leo na kinyesi haliambukizi leo. Hukomaa udongoni kwa wiki kadhaa kwanza. Likimezwa, buu hutoboa ukuta wa utumbo, husafiri na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, kisha humezwa mara ya pili ndipo akue. Ndiyo maana mtu anaweza kukohoa kikavu na kubanwa kifua wakati choo chake hakina yai lolote. Mayai huanza kuonekana baada ya miezi miwili au mitatu tangu ameze.

Safura yeye hupita kwenye ngozi. Jambo hili liligunduliwa kwa bahati mwishoni mwa karne ya 19 huko Cairo, pale mtafiti Mjerumani Arthur Looss alipomwagikiwa mkononi na maji yenye mabuu. Ngozi ikamwasha, na baadaye akakuta mayai ya safura kwenye choo chake mwenyewe. Basi anayetembea peku kwenye udongo wenye kinyesi, akapata vipele vya kuwasha katikati ya vidole, hilo ni la kuangaliwa.

Safura haleti kelele tumboni. Hung'ata utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo, siku baada ya siku. Mtazame mgonjwa: viganja vimepauka, ukimvuta kope la chini ndani ni peupe, akipanda ngazi moyo unamwenda mbio. Wengine hutamani kula udongo, nasi tunawagombeza. Hamu hiyo mara nyingi huja na upungufu wa madini ya chuma, kwa hiyo kabla ya kumgombeza mpimeni damu. Na akipewa vidonge vya kuongeza damu peke yake, huku safura wamo, tutaonana tena baada ya muda si mrefu.

Wale minyoo wadogo weupe kama vipande vya uzi nao wana tabia yao. Usiku jike hutoka nje kutaga pembeni mwa njia ya haja kubwa, na mtoto anajikuna, hapati usingizi. Kipimo cha kawaida cha choo mara nyingi huwakosa. Chukua selotepu, ibandike hapo asubuhi mapema kabla mtoto hajaoga wala kwenda chooni, kisha uipeleke maabara. Hapa mtibu nyumba nzima, na dozi irudiwe baada ya wiki mbili, maana dawa huwaua minyoo na kuyaacha mayai.

Tegu huja na nyama isiyoiva. Utaona vipande bapa vyeupe kwenye choo au nguo ya ndani. Dawa yake ya kawaida ni prazikwanteli, lakini usijinunulie tu: mayai ya tegu wa nguruwe yakimezwa, mabuu yake yanaweza kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa, na dawa ikiwafikia huko inaweza kuchochea degedege. Daktari aamue.

Amiba na giadia, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, si minyoo kabisa. Choo chenye damu na kamasi, au kile chenye mafuta na harufu kali kwa wiki nzima, hakimalizwi na kidonge kimoja cha minyoo.

Kidonge chenyewe, albendazoli ya miligramu 400, ni kizuri sana kwa mchango. Kwa minyoo mijeledi, wale wenye umbo kama la mjeledi, dozi moja ni dhaifu. Mjamzito asikimeze katika miezi mitatu ya kwanza. Wala hakikai mwilini kukulinda: ukikimeza leo na kesho ukala bila kunawa, mlango uko wazi. Na mtoto ambaye tumbo limevimba, anatapika na hapati choo, asipewe dawa ya minyoo nyumbani. Huenda wameziba utumbo. Hospitali, saa hiyo hiyo.

Naam, mama pale nyuma? Anasema amemeza dawa na hakuona kitu kikitoka, je, haikufanya kazi?

Mama, usihukumu kwa macho. Wengi ni wadogo mno, na wengine husagika njiani. Hata zile nyuzi zinazotoka baada ya kunywa dawa za "kusafisha tumbo" mara nyingi ni kamasi za utumbo tu. Rudi upime choo baada ya wiki mbili au tatu, upeleke kikiwa kibichi, na ikiwezekana utoe sampuli za siku tofauti, kwa sababu mayai hayatoki kwa wingi ule ule kila siku.