Hans Wegner: Seremala Aliyefunua Viungo Vyake

Ndugu mafundi, nanyi wapenzi wa samani mliokuja kusikiliza, habari za jioni.

Zikitajwa samani za kisasa za karne ya 20, wengi hukumbuka mabomba ya chuma, plastiki, na wabunifu ambao hawajawahi kushika randa. Leo nimemchagua Hans Wegner wa Denmark kwa sababu yeye alikuwa fundi kwanza, mbunifu baadaye, na ufundi wenyewe haukumtoka hata siku moja.

Alizaliwa Aprili 2, 1914, katika mji wa Tønder, kusini mwa Jutland. Wakati huo mji ulikuwa chini ya Ujerumani. Ulirudi Denmark mwaka 1920, baada ya kura ya wananchi. Baba yake alikuwa mshona viatu. Kijana akawekwa kwa seremala wa hapohapo mjini kujifunza kazi, na alipofikisha miaka 20 hivi akaenda Copenhagen, kwanza jeshini, kisha shule ya sanaa na ufundi. Mwaka 1940 tunamkuta Aarhus akichora samani za jengo la halmashauri ya jiji, lililobuniwa na Arne Jacobsen na Erik Møller. Huko sitakaa, maana nimekuja kwa ajili ya kiti kimoja hasa.

Mafundi wa Copenhagen walikuwa na desturi ninayowaonea wivu. Kuanzia 1927 hadi 1966 chama chao kilifanya maonyesho kila mwaka, na karakana zikashirikiana na wabunifu kuleta kitu kipya. Wegner alishirikiana na karakana ya Johannes Hansen. Mwaka 1949 wakaleta kiti cha mviringo ambacho Wamarekani walikuja kukiita “Kiti” basi, kana kwamba duniani hakuna kingine.

Kina miguu minne ya duara, iliyonona kidogo pale fremu ya kalio, yaani sehemu ya kukalia, inapoingia. Juu yake umelazwa ubao uliopinda, ambao ni egemeo na ni mikono papo hapo. Nimesema ubao, lakini ni vipande vitatu. Mnajua wenyewe: mti ukiukata kwenye upindo mkali, nyuzi zake zinakatika, na siku mtu mzito akiegemea utasikia mlio. Kwa hiyo unatumia vipande vitatu, kila kimoja nyuzi zake zikifuata urefu wake, halafu unatafuta namna ya kuviunganisha.

Katika kiti cha kwanza, egemeo lilizungushiwa henzirani, sawa na zile zilizosukwa kwenye kalio. Lilipendeza, ila lilikuwa pazia, maana chini yake kulikuwa na viungo ambavyo Wegner hakutaka vionekane. Mwaka 1950 akaliondoa pazia hilo. Akakata ncha za vipande zikawa na meno marefu ya zigizaga, mfano wa herufi W, vikaumana jino kwa jino, na kiungo kikabaki wazi kila mtu akione. Jicho linaona mstari. Kiganja ukikipitisha hakisikii kitu. Wala si urembo mtupu. Mkato wenye kona nyingi una eneo kubwa zaidi la kushika gundi kuliko mkato mnyoofu. Kwa maoni yangu, hicho kiungo ndicho Wegner mzima.

Septemba 26, 1960, John F. Kennedy na Richard Nixon walipofanya mdahalo wao wa kwanza kwenye televisheni, studio ya Chicago ilikuwa imewekewa viti hivyo. Wauzaji hawaishi kulisimulia hilo. Mimi naona kiti kilikuwa kimeshajitangaza chenyewe.

Mwaka uleule wa 1949 Wegner alichora kiti kingine kwa kampuni ya Carl Hansen & Søn, chenye egemeo la umbo la Y, akivuta wazo kutoka viti vya Kichina vya zama za Ming. Kilianza kutengenezwa 1950 na hakijasimama mpaka leo. Kalio lake ni kamba ya karatasi, karibu mita 120, inayosukwa kwa mkono. Naam, karatasi! Ikisokotwa ikakaza, inabeba watu miaka mingi, na ikichakaa unasuka nyingine juu ya fremu ileile.

Msidhani kila alichogusa kiliuzika. Alichora viti zaidi ya 500. Kile cha miguu mitatu cha 1963, kalio lake likikunjuka kama bawa, wakosoaji walikisifu na wanunuzi wakakipita. Kilitengenezwa kidogo tu, hadi kiliporudishwa sokoni 1998. Wegner alifariki Januari 2007.

Sasa, ninyi mnaotafuta viti vya zamani. Kipindueni kwanza. Vya Johannes Hansen vilipigwa mhuri wa moto kwenye fremu. Vya PP Møbler, waliopokea kazi hiyo miaka ya 1990, ni halali kabisa, ila msiuziwe kwa bei ya vya kale. Na kwa kuwa mhuri hughushiwa, mimi huenda moja kwa moja kwenye egemeo. Vipande vitatu viwe vimeoana rangi na nyuzi, maana fundi makini huvitoa kwenye gogo moja. Kimoja kikiwa chekundu na mwenzake kimepauka, au kiganja kikikwama kwenye meno, mrudishie mwenyewe kiti chake.

Haya, maswali. Tuanze na wewe mzee wangu hapo nyuma.