Njuga za Oxford: Mwaka Wangu na Kundi la Ngoma ya Morris

Assalamu alaikum, ndugu zangu watazamaji wa Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja na popote mlipo. Sauti mnayoisikia nyuma yangu ni ya njuga. Zimefungwa chini ya magoti ya walimu, mafundi umeme, wastaafu na mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, na jozi moja imefungwa miguuni mwangu mimi, muuguzi niliyetoka zamu saa kumi za jioni. Leo ni Jumatano ya mwezi wa Juni, tuko uani pa baa ya kijiji nje kidogo ya mji wa Oxford, na kwa kuwa wengi wenu mmekuwa mkiniuliza mavazi haya meupe ni ya nini, nimeona niwaeleze kwa utaratibu kabla hatujaitwa kucheza.

Ngoma hii inaitwa Morris. Kwa mtindo wa vijiji vya huku, huchezwa na watu sita waliopanga mistari miwili wakitazamana, wamevaa nyeupe, na tepe za rangi ya kundi lao zimepishana kifuani. Mikononi hushika vitambaa viwili vyeupe vya kupeperusha au fimbo fupi nene za kugonganisha, na pembeni husimama mpigaji mmoja mwenye kodiani au fidla. Kila kijiji kina namna yake: Headington, Bampton, Adderbury na Bledington wana mikono tofauti, marukio tofauti na hata mpangilio tofauti wa hatua, kiasi kwamba mtu aliyezoea akikutazama sekunde chache tu anajua unacheza cha wapi. Njuga hushonwa kwenye vipande vya ngozi vinavyofungwa kwenye muundi, nazo ndizo hakimu asiyependelea mtu, kwa sababu miguu sita ikitua pamoja husikika mlio mmoja mzito, na mguu mmoja ukichelewa uwanja mzima unasikia.

Waliokulia Lamu wameshaanza kutabasamu, najua. Mara ya kwanza niliposikia fimbo zikigongana hapa nilimkumbuka marehemu mjomba wangu akicheza kirumbizi kwenye arusi, zumari likilia na wanaume wakizungukana huku macho yao hayaachi fimbo ya mwenzao. Sisemi kwamba ngoma hizi zina asili moja, maana kirumbizi ni mashindano ya wawili na Morris ni mpango wa watu sita wanaolindana. Lakini lile sharti la kumtazama mwenzako usoni ili usimvunje vidole ni lilelile, na mwili wangu ulilitambua kabla akili yangu haijaelewa chochote.

Niliingia kundini mwezi wa Oktoba kwa kualikwa na mwenzangu wa wodini. Watu wengi huona ngoma ya kiangazi na kudhani ni mchezo wa jua na maua, ilhali kazi yenyewe hufanyika usiku wa baridi katika ukumbi wa kijiji wenye sakafu ya mbao, kila wiki, kuanzia vuli hadi mwezi wa Aprili. Hatua moja ya msingi ilinichukua wiki saba. Mwalimu wetu, mzee aliyecheza kwa zaidi ya miaka 40, hakunipigia kelele hata mara moja. Alisimama mbele yangu, akacheza polepole, na alipoona nimepata akaongeza kitu kingine. Kundi lina vyeo vyake vya kale: kuna mkuu anayechaguliwa na wanachama, kuna mwalimu wa ngoma, na kuna katibu anayeitwa Mtu wa Mfuko, jina lililotoka zama ambazo yeye ndiye aliyebeba mfuko wa njuga na tepe za kundi. Wa kwetu amenishonea njuga zangu kwa mkono wake, na nilipomwomba nilipie alikataa.

Sasa niwaambie habari ya Headington Quarry, kwa sababu kila siku basi langu la kazini hupita karibu na hapo na kila siku moyo wangu husimama kidogo. Ni kijiji cha wachimba mawe na wafyatua matofali ambacho leo kimemezwa na mji wa Oxford. Ngoma ya hapo ilikuwa imelala kwa zaidi ya miaka kumi, ikafufuliwa mwaka 1899 kwa juhudi za Percy Manning, mtu wa Oxford aliyependa mambo ya kale. Tarehe 26 Desemba mwaka huohuo, mwalimu wa muziki kutoka London aitwaye Cecil Sharp alikuwa nyumbani kwa mama mkwe wake huko Headington, na kupitia dirishani akaona wanaume wenye nguo nyeupe na njuga wakija barabarani. Haukuwa msimu wao, kwani ngoma hii ilichezwa zaidi wakati wa Pentekoste. Lakini baridi kali ilikuwa imesimamisha kazi za ujenzi, na wanaume wale walitoka kucheza ili wapate senti chache. Mpigaji wao alikuwa mwashi kijana, William Kimber, mwenye kinanda kidogo cha mkono kiitwacho konsetina, naye aliwaomba radhi wenye nyumba kwa kuja siku isiyo ya ngoma. Kesho yake Sharp alimwita Kimber arudi, akaziandika nyimbo zake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ngoma ambayo leo inachezwa Uingereza nzima na hata Marekani na Australia ilipata mwandishi wake kwa sababu waashi walikosa kazi. Nimelifikiria sana jambo hili. Umaarufu mwingi ulimwendea Sharp, ambaye mwaka 1911 alianzisha chama cha taifa cha ngoma za Kiingereza, lakini ngoma ilikuwa kifuani na vidoleni mwa Kimber, na mimi nikiulizwa nimtaje mmoja tu, nitamtaja Kimber. Alifariki tarehe 26 Desemba 1961, siku ileile ya mwaka ambayo Sharp alimwona kwa mara ya kwanza, miaka 62 baadaye. Mtaa mmoja wa Headington una jina lake, na kila tarehe 26 Desemba wachezaji wa Headington Quarry bado hutoka kijijini mwao.

Baadhi ya akina dada wameniandikia kuuliza kama ngoma hii haikuwa ya wanaume. Vijijini ilikuwa ya wanaume kwa sehemu kubwa. Hata hivyo mwaka 1905 mwanamke mmoja wa London, Mary Neal, aliyeendesha klabu ya wasichana washonaji iitwayo Espérance, alimwomba Kimber aende kuwafundisha wasichana wake, naye akaenda pamoja na jamaa yake, na wale wasichana wakaieneza ngoma nchini kwa kufundisha wengine. Baadaye, mwaka 1934, makundi sita ya wanaume yaliunda umoja wao unaoitwa Morris Ring, na wanawake walikaa nje ya mlango huo kwa muda mrefu, mpaka mwaka 1975 walipounda shirikisho lao wenyewe. Ndani ya kundi letu leo tuko wanawake wanne, na hijabu yangu nyeupe inaendana na mavazi bila mtu yeyote kuniuliza swali la pili.

Tarehe 1 Mei ndiyo siku yetu kubwa. Saa kumi na mbili kamili za alfajiri kwaya ya Chuo cha Magdalen huimba kutoka juu ya mnara, umati umejaa barabarani na darajani, kengele hulia, kisha makundi ya ngoma hutawanyika katikati ya mji. Nilikuwa nimeamka saa tisa, nimeswali alfajiri nikiwa nimeshavaa nyeupe, na mikono ilikuwa inanitetemeka hivi kwamba mwenzangu ndiye aliyenifunga njuga. Ngoma yangu ya kwanza mbele ya watu haikuzidi dakika nne. Sikumbuki uso wa mtazamaji hata mmoja. Nakumbuka tu macho ya mzee aliyecheza mbele yangu, akinionyesha kwa nyusi kwamba sasa tunapishana kulia.

Baada ya hapo huja matembezi, na hapa ndipo ninapotaka mnielewe vizuri, kwa sababu video zangu fupi hazionyeshi sehemu hii. Kila Jumatano ya kiangazi tunakwenda kijiji kimoja au viwili, mara nyingi tukikutana na kundi jingine lililoalikwa. Wao wanacheza moja, sisi tunacheza moja, kisha mwisho wote tunachanganyika katika ngoma ambayo kila mtu anaijua. Kofia hupitishwa, na kinachopatikana hulipia ukumbi wa mazoezi au hupelekwa hospitali na misaada mingine. Halafu watu huketi. Wengi wao hunywa bia, mimi hunywa maji ya tufaha, na tangu nilipoeleza mara moja sijalazimika kueleza tena. Mtu mmoja huanza wimbo bila kutangaza, wengine humfuata kwa sauti za juu na za chini, na saa mbili hupita. Katika nchi ambayo jirani yangu wa ukuta mmoja nilimfahamu jina baada ya miaka mitatu, mabenchi haya ndiyo mahali pa kwanza nilipoulizwa hali ya mama yangu kwa jina lake.

Jumatatu ya mwisho ya Mei tulikodi basi dogo kwenda Bampton, tukiwa watazamaji tu, maana siku hiyo ni ya wenyeji. Wanacheza tangu asubuhi katika bustani za nyumba za watu, na mmoja hubeba upanga uliochomekwa kwenye bati la keki, akigawa vipande kwa ajili ya baraka. Mwezi huu wa Juni tulikuwa Abingdon, kusini ya Oxford, ambako wakazi wa mtaa wa Ock Street hupiga kura kumchagua meya wao wa ngoma, kisha humbeba juu ya kiti wakipita naye mtaani, pembe za ng'ombe zenye mwaka 1700 zikitangulia kwenye mti. Pembe hizo ni kumbukumbu ya ugomvi uliotokea ng'ombe alipochomwa, na upande ulioshinda ndio uliozichukua. Nilipoona hayo niliwaeleza wenzangu habari ya ngoma ya beni, jinsi mitaa ya Lamu ya Mkomani na Langoni ilivyoshindana kwa ngoma, sare na vyeo, na mzee wetu akataka kujua nani alishinda. Nilimwambia inategemea unamuuliza mtu wa mtaa gani.

Liko jambo moja zito ambalo nisingekuwa mwaminifu kwenu kama ningelinyamazia. Makundi ya mtindo wa mpakani mwa Wales, na mengine pia, yalikuwa na desturi ya kujipaka uso mzima rangi nyeusi. Wapo waliosema ilikuwa njia ya kujificha ili mtu asijulikane anapoomba senti, na wapo waliosema ilifuata maonyesho ya kuwadhihaki watu weusi ya karne ya 19. Vyovyote ilivyokuwa, mtu mweusi aliyesimama barabarani na mwanawe alikiona kile alichokiona. Mwezi wa Julai 2020 vyama vikuu vya Morris vilitangaza kwa pamoja kwamba desturi hiyo ikome, na makundi mengi yakahamia rangi za buluu, kijani au zambarau. Kundi langu halikuwahi kujipaka, lakini mwenzangu aliponialika alianza kwa kunieleza habari hiyo kabla sijauliza. Kama ningeijua kwa mara ya kwanza kupitia picha ya zamani ukutani, nadhani nisingerudi wiki ya pili.

Mnamsikia mpigaji ameanza kujaribu sauti. Ngoma inayofuata ni ya fimbo, ya mtindo wa Adderbury, na mimi niko nafasi ya nne, kwa hiyo simu nitaiacha juu ya benchi hili ielekee uwanjani, na mtaona kila kitu mpaka mwisho. Mama, kama unatazama, mwenye kofia ya maua upande wa kushoto ndiye yule mzee anayekusalimu kila wiki.