Que Horas Ela Volta?: Mama na Binti Katika Nyumba ya Watu

Ndugu zangu, asanteni kwa kubaki. Filamu tuliyoitazama sasa hivi, ambayo jina lake maana yake ni "Anarudi saa ngapi?", ni ya mwongozaji Anna Muylaert wa Brazil, ya mwaka 2015. Mmeona wenyewe, haina bunduki wala mbio za magari. Mengi yanatokea jikoni.

Val katoka Pernambuco, kaskazini-mashariki mwa Brazil, kuja São Paulo kulea mtoto wa watu. Wa kwake, Jéssica, kamwacha nyumbani, akawa anatuma hela. Binti anakuja akiwa mtu mzima, kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Wanakumbatiana uwanja wa ndege, na wengi wetu tulidhani ndiyo wameshakutana. Mimi nasema bado.

Jéssica anafikia nyumba ambayo mama yake ana chumba kimoja tu cha uani. Val keshakariri masharti ambayo hakuna aliyemwandikia: meza gani haikai, aiskrimu gani ni ya kijana wa nyumba, yule aliyemlea, bwawa la kuogelea halikanyagi. Binti hayajui, na akiambiwa anauliza kwa nini. Anaomba alale chumba cha wageni! Anayeona aibu kuliko wote ni mama, na anamgombeza mwanawe kabla hata bosi hajafungua mdomo. Mara nyingi kamera nayo imesimama jikoni, inachungulia mezani kupitia mlango. Tunaona kile tu anachokiona Val.

Mwaka 2013 Brazil ilikuwa imebadili katiba, wafanyakazi wa nyumbani wakapata kikomo cha saa 8 kwa siku na saa 44 kwa wiki. Lakini aiskrimu haimo kwenye katiba.

Pale mwenye nyumba anapompigia Jéssica magoti akitaka kumuoa, kwangu filamu ilitia chumvi. Tuyaache hayo.

Turudi bwawani. Binti kafaulu hatua ya kwanza ya mtihani, kijana wa nyumba kafeli. Usiku Val anashuka kwenye bwawa lililopunguzwa maji, hayafiki hata magotini, anampigia mwanawe simu kumwambia yuko wapi. Anacheka, anarusha maji kwa miguu. Kwangu mimi hapo ndipo walipokutana, kwa simu, kila mtu na kwake.

Baada ya hapo ndipo Val anapoacha kazi, na anapojua kwamba Jéssica naye kaacha mtoto Pernambuco. Hamgombezi. Anataka mjukuu aletwe. Sasa niambieni, nani atamlea huyo mjukuu Jéssica akiwa chuoni? Karibuni, maikrofoni ipo kwa dada pale.