Kura 275 kwa 256: India, Marekani na urani

SALIM: Dada Neema, leo ni mkataba mmoja tu, ule wa nyuklia ya kiraia kati ya India na Marekani. Tuanzie pale ulipokaribia kuiangusha serikali.

NEEMA: Julai 22, 2008, kura ya imani bungeni Delhi. Vyama vya mrengo wa kushoto vimeshamkimbia Waziri Mkuu Manmohan Singh, vikihofia India itafungwa kamba na Washington. Kabla kura haijapigwa, wabunge watatu wa upinzani wanakwenda mbele na mabunda ya noti, wanayainua juu kila mtu ayaone. Wanadai wamepewa hongo.

SALIM: Picha ile nimeitazama mara nyingi, na bado inaniumiza. Jambo zito kama hilo, na meza ya Bunge imejaa noti!

NEEMA: Singh akapita, 275 kwa 256.

SALIM: Sasa, kung'ang'ania kote huko ni kwa ajili ya nini?

NEEMA: Urani, kaka, mafuta ya vinu vya nyuklia. Mwaka 1974 India ililipua bomu la nyuklia la majaribio kwa plutoniamu iliyotoka kwenye kinu cha CIRUS, kinu ambacho Canada iliisaidia kukijenga kwa matumizi ya amani. India ikafungiwa milango ya biashara ya nyuklia, na nchi zinazouza nyuklia zikaunda kundi lao la kudhibiti biashara hiyo. Kufikia 2008, vinu vya India vilikuwa vinazalisha karibu nusu tu ya uwezo wake kwa kukosa urani.

SALIM: Basi wenye wasiwasi nawaelewa. Cha amani kilishageuzwa bomu. Waaminiwe tena kwa lipi?

NEEMA: Kwa ukaguzi. Kati ya vinu 22, India ilikubali 14 viwe vya kiraia na vifunguliwe kwa wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Vinane vilivyobaki, mkaguzi hakanyagi. Mimi mkataba nauunga mkono, lakini hivyo vinane vinaninyima usingizi.

SALIM: Idhini zikafuatana haraka: shirika hilo Agosti 1, kundi la wauzaji Septemba 6, Seneti ya Marekani Oktoba 1 kwa kura 86 dhidi ya 13. Oktoba 10 mawaziri wa mambo ya nje, Condoleezza Rice wa Marekani na Pranab Mukherjee wa India, wakatia saini.

NEEMA: Watu wakadhani vinu vya Kimarekani vitaota kama uyoga. Mwaka 2010 India ikapitisha sheria ya fidia: ajali ikisababishwa na kifaa kibovu, mwendesha kinu angeweza kumdai aliyemuuzia. Kampuni zikasita.

SALIM: Mimi siwalaumu wabunge hata kidogo. Mjini Bhopal, India, Desemba 1984, gesi ya kiwanda cha viuatilifu iliwakuta watu vitandani, ikaua maelfu.

NEEMA: Hata mimi ningeipigia kura sheria ile. Kilichokuja ni urani: Kazakhstan iliuza, na mwaka 2015 shehena ikaanza kutoka Canada.

SALIM: Canada ileile ya CIRUS?

NEEMA: Ileile.